Bi Siafu Aingia Vitani

Mke mwenzangu alikuwa mchezo wa kompyuta. Sisemi kwa mafumbo. Ulikuwa mchezo wa vita wa zamani, wa vifaru na mizinga, juu ya ramani iliyogawanywa vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki. Mume wangu aliucheza ujanani. Kampuni iliyoutengeneza ikafunga milango, kompyuta za siku hizi zikaukataa, ukafa. Ungedhani watu wangeuzika wakaendelea na maisha. Wapi! Mume wangu na wenzake, waliotawanyika huku na huko na hawajapata kuonana uso kwa uso, wakaamua kuufufua: kuuandika upya ndani, kuuchorea picha mpya, watu waweze kupigana kwa mtandao. Hakuna aliyewatuma.

Mchana mume wangu ni fundi wa miwani. Jioni anakula huku mawazo yameshatangulia, kisha anavaa vipokea sauti vyake na kukaa sebuleni mbele ya kompyuta. Watoto wako shule ya bweni, kwa hiyo tumebaki wawili, yaani mimi na kisogo chake. Mimi natunza bohari ya kiwanda cha sabuni, na mambo ya kusimulia sikosi: dereva aliyepakia mzigo wa mwenzake akaupeleka mji mwingine, meneja aliyejifungia chooni mpaka tukavunja kitasa. Namsimulia. Yeye ananijibu, "Ee, vizuri." Mtu kajifungia chooni, vizuri!

Hayo ningeyavumilia. Nilichoshindwa ni kicheko. Jioni moja napita na kapu la nguo, nikamsikia anacheka kile kicheko chake cha kutoka tumboni, ambacho nilidhani kilishakwisha, na sauti ya mwanamke inavuja kwenye vipokea sauti.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Nani? Aa, Mchora Ramani. Ndiye anayetuchorea mito."

Mito! Nikampigia simu wifi yangu, dada yake mkubwa, nikammwagia yote.

"Wifi, mdogo wangu namjua tangu anavaa kaptula," akasema. "Huyo hana mwanamke, ana vifaru tu."

"Na huyo anayemchekesha ni kifaru?"

"Basi nenda kamwone mwenyewe. Si unasema wanakaribisha kila mtu?"

Yeye alikuwa anatania. Mimi sikutania.

Kweli walikuwa wanatafuta wapimaji, watu wa kucheza toleo jipya na kuripoti kila kinachoharibika. Kule kila mtu ana jina la kupanga. Mume wangu ni Jemedari, yeye ambaye panya akikatiza jikoni anapanda juu ya kiti. Nikajiita Bi Siafu. Nikakaa chumbani na kompyuta yangu, mlango nimeufunga, nikaanza kucheza vita ili nimpeleleze mume wangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwanzoni nilipigwa kama ngoma. Kisha nikaona jambo. Vifaru vinakunywa mafuta, mafuta yanaletwa na malori, na malori ya mchezo ule yalikuwa yanakatiza mto mahali pasipo daraja, bila hata kupunguza mwendo. Mimi ninayepigiwa simu na madereva kila mvua ikinyesha, kwamba wamekwama kwenye dimbwi! Nikaandika ripoti kwamba lori haliogelei, na kwa kuwa hasira zangu hupenda kusindikizwa na hadithi, nikaongezea kisa cha yule dereva wangu na mzigo wa mwenzake.

Moto ukawaka. Kumbe kosa lile wanalijua tangu mchezo ulipotoka, na wanalipenda. Wakongwe wote walijifunza kushinda kwa kulitumia. Mchora Ramani akaandika kwamba kulirekebisha ni kuutoa mchezo roho. Nikamjibu kwamba mito yake ni mizuri sana, ila mito ya nini kama hakuna anayelowa? Neno hilo lilinitoka kwa raha zote.

Ndipo Jemedari akaandika, mbele ya kikundi kizima: "Bi Siafu amesema kweli. Sisi tumeuangalia mchezo huu miaka na miaka. Yeye ameuona." Akaibadilisha sheria ya malori kwa mkono wake mwenyewe.

Nilicheka peke yangu kitandani. Nimempiga kumbo Mchora Ramani! Furaha yangu ilidumu mpaka wakati wa chakula.

"Tumepata mpimaji mpya," mume wangu akasema. Aliweka kijiko chini, na huyu si mtu wa kuweka kijiko chini. "Mwanamke. Ana akili yule, we acha tu. Na anavyosimulia! Ametupa kisa cha dereva mmoja, sikiliza, kapakia mzigo wa mwenzake..."

Akanisimulia. Kisa changu, cha bohari yangu, nilichomsimulia kwenye meza ileile akaniambia ee, vizuri. Alikisimulia mpaka mwisho, akafuta machozi ya kicheko, akasema ningempenda sana yule mama kama ningemfahamu.

"Eti?" nikasema, nikaondoa sahani yake kabla hajamaliza.

Nilimchukia Bi Siafu kuliko nilivyopata kumchukia Mchora Ramani. Najua alikuwa mimi, usinifundishe. Lakini yeye alipata kicheko, alipata kusikilizwa, aliwekewa kijiko chini. Mimi nilipata vyombo vya kuosha.

Kikundi chao kina desturi: kabla ya kutoa toleo jipya, kila sheria iliyobadilishwa hujaribiwa na watu wawili wanaopigana hadi mmoja ashindwe. Jemedari akamchagua Bi Siafu. Ikawa Jumapili mchana.

"Mama watoto, nina kazi kidogo," akasema.

"Mimi najilaza," nikasema, nikafunga mlango wa chumbani.

Ukuta mmoja ulikuwa kati yetu. Nilicheza kwa hasira. Nikalikalia daraja lililokuwepo, nikasubiri. Na yeye, aliyeiandika sheria ile mwenyewe, mazoea yakamponza: akayaelekeza malori yake yote moja kwa moja mtoni, kama alivyofanya tangu ujana wake. Malori yakasimama ukingoni, yakapanga foleni. Ng'ambo vifaru vyake vikakaukiwa mafuta. Nikamsikia nyuma ya ukuta, "Lo, mjinga mimi!" na kicheko kile cha tumboni. Anachekeshwa na mwanamke mwingine, na mwanamke mwenyewe ndiye mimi. Roho iliniuma vilevile.

Nilikuwa nachagua pa kummalizia, mara ujumbe wake ukaingia.

"Bi Siafu, samahani, hili ni nje ya mchezo. Wewe ni mwanamke na husemi uongo. Mke wangu amebadilika. Zamani alikuwa akinichekesha kama unavyonichekesha wewe. Siku hizi nikikaa sebuleni yeye anaingia chumbani na kufunga mlango. Nadhani amenichoka, na naogopa kumuuliza. Ungekuwa wewe, ungetaka nifanye nini?"

Mtu mwema angelia. Mimi damu ilinichemka. Anaanika mambo ya nyumba yangu kwa mwanamke wa mtandaoni! Halafu nikasoma tena pale aliposema anaogopa.

Nikaandika: "Ningetaka uinuke sasa hivi, umfuate, umwambie yeye hayo."

"Na pambano letu?"

"Umeshashindwa. Malori yako hayana pa kupita."

Kiti kikasukumwa. Nikasikia nyayo zake, taratibu, za mtu anayepanga maneno. Nafasi ya kuifunga kompyuta nilikuwa nayo, na mkono ulishafika kwenye kifuniko. Nikauondoa.

Akafungua mlango. "Mama watoto, nilikuwa nataka..." Akaiona ramani pale kitandani, na foleni ya malori yake mwenyewe ukingoni mwa mto. Akanitazama. Akaitazama kompyuta. Akanitazama tena.

"Ni wewe?"

Nilitaka kucheka, nilitaka kumvuta aketi karibu yangu. Lakini kilichonitoka, kwa uchungu wa kweli kabisa, kilikuwa hiki:

"Kwa nini umemwambia yeye kwanza?"