Lebo ya Mama Gundi

Miaka tisa nilibandika lebo kwenye chupa, ndiyo maana kiwandani waliniita Mama Gundi. Bosi aliponihamishia kwenye kompyuta nijifunze kuzibuni, wenzangu wa meza ya gundi walicheka mpaka machozi. Mimi nilinuna. Nilipewa mwezi mmoja: mteja hata mmoja akiikubali kazi yangu, kiti ni changu, wakikataa wote, narudi kwenye gundi.

Mwezi ukayoyoma bila mteja. Mtaalamu, kijana aliyekuwa akinifundisha, alikuwa na subira, ila mdomo nao anao. "Mama, kipanya hakiumi, kishike tu!"

Zikiwa zimebaki siku mbili, akaja dada mmoja anayetengeneza sabuni ya maji iitwayo Pambazuko. Bosi akaagiza mimi na Mtaalamu kila mtu abuni lebo yake, mteja achague kesho yake. Mtaalamu alijaza mapovu ya rangi tatu, jina likatanda ukingo hadi ukingo. Kwenye lebo yangu jina lilikaa katikati, dogo, pembeni patupu. Kwenye skrini lilitia huruma.

Nikaanza kulivuta lifanane na lake. Vidole vikagoma. Chupa ile naijua. Ukiitazama kwa mbele unaona upana wa vidole vinne tu, kilichobaki kiko mgongoni. Nikalirudisha jina lilipokuwa, nikachapa lebo zote mbili, nikazibandika kwenye chupa.

"Mama nawe, gundi haikutoki?" Mtaalamu akacheka. "Mteja anaangalia skrini."

Kweli, kesho yake mteja aliangalia skrini, akaigusa ya Mtaalamu. "Hii ndiyo yenyewe!"

Nilitaka kunyamaza, niokote aibu yangu niondoke nayo. Badala yake nikasikia sauti yangu mwenyewe, tena kubwa: "Dada, ngoja kwanza."

Nikazipanga chupa zangu mbili kwenye rafu, nikamwomba arudi nyuma mpaka ukuta wa pili. "Haya, soma."

Akakunja uso akiitazama chupa yenye lebo ya Mtaalamu. "Mbazu. Mbazu ndiyo nini?"

"Na hiyo nyingine?"

"Pambazuko. Sabuni ya maji. Harufu ya limau." Akaja akaichukua, akaikumbatia kama mtoto. "Naondoka na hii."

Bosi alipiga meza kwa furaha. Mtaalamu akaizungusha chupa yake polepole. "Mama, hii sikukufundisha mimi."

"Hukunifundisha," nikasema, na sikujishusha hata kidogo.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwenye meza ya gundi. Mmoja wa wenzangu akanisogezea kiti kwa huruma.

"Pole, mwenzetu. Umerudi?"

"Nimefuata changu," nikajibu. Nikabeba kopo langu la gundi na chupa sita tupu, nikaenda kuviweka kwenye meza yangu, kando ya kipanya.