Unene wa Ukuta

Ukitaka kumuudhi Sylvia, mwambie kazi yake ni kuuliza watu ndoto zao. Anasomea saikolojia chuoni hapa Eldoret, na anachopima ni ukuta ulio kati ya akili tunayoijua na ile iliyojificha. Kuna mtu ukuta wake ni mwembamba, mambo ya ndani yanapenya yanavyotaka, na kuna yule ambaye kwake hapiti hata sisimizi. Maswali yenyewe yalitungwa ughaibuni. Wanjohi, mwenye duka kule Huruma, alipoulizwa alikana katakata kwamba amewahi kusikia sauti ya mtu asiyeonekana, kisha akaeleza jinsi Bwana alivyomwamuru Jumanne asifungue duka.

Sylvia alianza kwa kujipima mwenyewe. Ukuta wake ulikuwa mnene kama wa benki, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyomwambia mtu. Kaka yake, Lusweti, alifariki mwaka jana kwa maradhi ya figo, na sasa Sylvia ana mtoto wa kiume asiye na jina la kimila. Kwa Wabukusu, kabila lao, marehemu huja ndotoni kuomba jina lake lirudi kwa mtoto. Mumewe, Wabuge, alishakubali mtoto aitwe Lusweti, mradi marehemu mwenyewe aje aombe. Lusweti hakuja. Kila asubuhi Sylvia aliamka mikono mitupu, akiamini kwamba hakumpenda kaka yake vya kutosha.

Tumaini likabaki kwa mama yake, Selpha, anayeishi Kapseret. Nusu ya watoto wa ukoo wana majina yaliyotoka kwenye ndoto zake. Jumamosi Sylvia akambeba mtoto, akabeba na maswali yake, maana la moyoni aliona haya kuliuliza waziwazi. Mama alijibu huku akichambua kunde. Sauti alishasikia. Watu wasioonekana alishakaa nao sana, tena alishangaa chuo kizima hakijui mambo hayo. Walipofika kwenye swali kama katika mwaka uliopita amemwota marehemu yeyote akimwomba kitu, mkono wake ukasimama.

"Hapana," akasema.

Sylvia akadhani hakuelewa, akarudia swali.

"Nimesikia, Sylvia. Wale wengine wote walikuja kwangu, hata wenye sikuwajua. Huyu mwenye nilizaa hajakuja hata siku moja. Nilikuwa naona aibu kukuambia."

Sylvia akaweka kalamu chini. Mwaka mzima mama yake alikuwa amengoja kama yeye, na wala hakuna aliyemuuliza. Aliumia, na papo hapo akafarijika, akalia kwa yote mawili. Mama akamwacha alie. Kisha akanawa mikono, akampokea mtoto, akamtazama sana usoni.

"Tumuite tu Lusweti," akasema. "Kama hataki, atakuja kukataa."

Mtoto akaitwa hivyo. Na tangu siku hiyo, kila anapolala, Sylvia humwomba Mungu kaka yake aje akatae.