Sababu: Majani

Mtoto alikuwa amelazwa juu ya meza ya kupimia wachanga, miguu inaning'inia nje, kwa kuwa vitanda viwili vya kituo cha afya vilikuwa na wagonjwa wanne. Alikuwa na miaka mitatu, na alikuwa amekufa tangu asubuhi. Mama yake, mshonaji wa sare za shule, alikuwa anaipandisha soksi ya mtoto inayoteleza. Anaipandisha, inateleza tena. Bi Chungu alisimama nyuma yake na mkoba wa ukili mkononi. Vifo alishaviona vingi, lakini huyu alimzalisha mwenyewe.

Jina hilo alipewa na mtaa kwa ajili ya yale anayowanywesha watu. Mwarobaini wa homa, majani ya mpera kwa tumbo la kuendesha, mkaratusi wa kujifukiza wenye mafua. Watoto wakimwona anakuja walijificha uvunguni, naye alicheka tu. Kila dawa aliyoichemsha aliionja kwanza mbele ya mgonjwa, funda zima, bila kukunja uso, kama alivyofundishwa na mama yake. Na alikuwa na sharti jingine ambalo hakulilegeza hata kwa ndugu: homa ikiingia siku ya pili, au mtoto akikataa kunywa, yeye hatoi dawa. Huyo ni wa hospitali.

Basi juzi mshonaji alipobisha hodi na mtoto mgongoni, Bi Chungu alimshika mtoto shingo, akamfunua macho, akasema, "Hii si ya majani, mwanangu. Mkimbize kituoni." Saa sita mshonaji akarudi. Nesi wa dirishani alikuwa amemwambia dawa zimekwisha na gari limeenda semina, kisha akashusha sauti: si mna Bi Chungu huko kwenu, jaribu kwake kwanza. Jana wakaja wote wawili, Bi Chungu ndiye aliyembeba, wakakuta dirisha limefungwa, stoo inahesabiwa. Kituo kizima kinahesabu rafu tupu. Mtoto akapigwa danadana hivyo mpaka leo, na katika safari zote hizo hakuna aliyeandika hata neno moja.

Mkuu wa kituo aliingia na daftari kubwa, akavuta kiti.

"Poleni. Nani mama yake?"

"Mimi."

"Na huyu?"

"Jirani yangu. Ni kama mama yangu."

Mkuu aliinamia meza, akanusa. "Mtoto ananukia majani. Mlimpa nini?"

Bi Chungu angeweza kunyamaza. Lakini hakuzoea kuficha alichompa mgonjwa. "Nilimkanda na maji ya mwarobaini, apoe mwili. Kunywa hakunywa kitu. Jana nilimleta hapa kwa mikono yangu."

"Jana mliandikishwa?"

"Dirisha lilikuwa limefungwa."

"Basi jana hamkuja."

Akaanza kuandika. Kalamu ilikwenda bila kusita. Bi Chungu alisoma mpaka darasa la nne, na darasa la nne lilimtosha: *Mgonjwa alicheleweshwa nyumbani kwa tiba ya mitishamba.* Juu yake, mstari kwa mstari mpaka kichwa cha ukurasa, sentensi ilikuwa hiyohiyo. Yaliyobadilika ni majina na umri.

"Weka kidole hapa, mama, nikupe kibali cha kuzika."

"Si kweli," mshonaji alisema. "Nyinyi ndio mlionirudisha kwake."

"Nani alikurudisha?"

Mshonaji alimtazama nesi wa dirishani, aliyesimama mlangoni. Nesi aliangalia viatu vyake. "Simkumbuki, mkuu. Watu ni wengi."

"Usipoweka kidole, mwili utaenda kupasuliwa hospitali kuu," mkuu alieleza, kwa upole wa mtu anayesoma ratiba. "Gari linarudi wiki ijayo. Na joto hili mnaliona."

"Na yeye mtamfanya nini?"

"Anatibu bila usajili. Polisi watajua cha kufanya."

Mshonaji alificha mikono nyuma. Bi Chungu aliogopa, tena sana. Alikuwa na miaka sitini na nane, na mahabusu watu hulala kwenye sakafu ya saruji. Kisha inzi akatua kwenye mdomo wa mtoto.

"Weka, mwanangu. Huyu hawezi kungoja."

"Bibi, ni uongo."

"Najua. Weka."

Mshonaji aliweka, akilia bila sauti. Mkuu akaligeuza daftari. "Na wewe hapa. Shahidi." Bi Chungu akachovya kidole kwenye wino, akakibandika chini ya maneno yanayomshtaki.

Mkoba wake ulibaki mezani, ushahidi. Akaambiwa akae kwenye benchi la nje na wanaosubiri, mpaka askari waje. Mshonaji alipita mbele yake na mtoto kifuani. Alipofika getini alisimama, akageuka kumngoja, kwa maana hakuwa amefikiria kwamba angemwosha mwanawe bila yeye. Bi Chungu alimpungia mkono aende. Ilibidi ampungie mara mbili.

Kwenye benchi, mwanamke aliyekuwa ubavuni mwake alimsogelea. Mapajani alikuwa na binti mdogo, macho mazito, midomo imekauka.

"Bibi, si wewe ndiye Bi Chungu? Huyu ameanza kuchemka leo asubuhi. Dirishani wanasema dawa hakuna. Hebu mshike."

Homa ya leo asubuhi ilikuwa bado yake kutibu. Mkono ulinyanyuka wenyewe, ukafika karibu na shingo ya mtoto. Mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni, anatazama. Bi Chungu aliurudisha mkono, akauficha chini ya mtandio.

"Umenifananisha," alisema. "Mimi sijui dawa."

Mwanamke akaomba radhi. Benchi lilikuwa limejaa na hakuwa na pa kusogea, hivyo mtoto alibaki amemwegemea Bi Chungu, na joto lake likawa linampenya begani.