Soketi ya Nyuma ya Tanuri

Kilori kilifika siku ambayo mama alinituma mbali. Aliniambia kuna hoteli upande wa pili wa mji inataka kuonja skonzi zetu, nibebe kikapu kimoja na nisiwe na haraka. Nikaenda na baiskeli yangu ya umeme, nikamkuta mlinzi asiyejua habari ya skonzi. Nikadhani mama amekosea jina la hoteli. Nikamwachia mlinzi skonzi za chai, nikageuza.

Kilori hicho nilikichagua mimi. Nilipoanza kusambaza mikate ya mama, wateja wetu walikuwa wa mtaani tu. Baiskeli ya umeme haina makelele, nilipita alfajiri bila kumwamsha mtu, na watu wakapenda kukuta mkate wa moto mlangoni kabla hawajanawa uso. Maduka nayo yakaagiza, kisha shule, hadi kreti zikanizidi kimo. Ndipo nikaanza kumwimbia mama wimbo uleule: tununue kilori cha umeme kiende pamoja na baiskeli. Kilori kibebe ya maduka, baiskeli iingie vichochoroni. Mama alikuwa mgumu. Nikampeleka kwa muuzaji, nikamkalisha ndani, nikamzungusha uwanja mzima huku ameukumbatia mkoba wake kana kwamba kilori kitaukwapua. Tuliposhuka akasema, "Haya, dereva wangu. Umenishinda."

Dereva wangu. Kwa neno hilo nilikwenda chuo cha udereva. Leseni ilipotoka, mama aliwaonyesha wateja kama picha ya mjukuu.

Sasa niliporudi, kilori kilikuwa uani, cheupe pe, viti bado vina nailoni. Kwenye usukani alikaa mdogo wangu. Tunamwita Chapchap, maana hakuna kazi asiyoimaliza mapema: gereji, duka la simu, kinyozi, zote aliziacha kabla hazijamzoea. Alikuwa amerudi nyumbani majuzi na begi moja na maelezo marefu.

"Shikamoo dada," akasema. "Abiria wanapanda mlango ule."

"Shuka nikiingize kivulini."

"Mama kasema nikizoee."

"Ukizoee ili iweje?"

Akakirekebisha kioo cha pembeni ambacho hakikuwa na tatizo lolote. "Muulize mwenyewe."

Sikwenda kwa mama. Nilizunguka nyuma ya tanuri, ambako fundi umeme alikuwa juu ya ngazi akivuta waya. Fundi huyo nilimwita mimi. Nilisimama naye kwenye ukuta huo nikamwonyesha kwa kiganja: soketi ya kilori hapa, ya baiskeli pale, vyote vichajiwe pamoja usiku kucha bila kugombana, kwa sababu waya wetu wa zamani ulishindwa hata na pasi. Sasa ukutani palikuwa na soketi moja, kubwa, inang'aa. Pale pa baiskeli palikuwa na lipu mbichi.

"Fundi, nyingine iko wapi?"

"Ilifutwa."

"Na nani?"

Akashuka, akatoa bisibisi mdomoni. "Mama yako. Nilikuwa nimeshachimba, akaniambia nizibe. Eti baiskeli haitakuwa na kazi tena. Nikajua mmekubaliana."

"Tulikubaliana, fundi. Ila si hilo."

Akanitazama, akaitazama lipu yake, kisha akaanza kukunja waya uliobaki kwa makini sana, kama mtu aliyeingia chumbani bila kubisha hodi.

Mama alikuwa anakanda unga. "Mbona umewahi?"

"Hakuna hoteli, mama."

Hakuinua macho. "Sikutaka uwepo mdogo wako akikabidhiwa funguo. Uso wako naujua."

"Dereva wako ni nani?"

"Wewe utakaa dukani, mwanangu. Upumzike na jua. Utakuwa meneja."

"Meneja wa nani? Wako na wa gunia la unga?"

Kicheko kilimjia, akakimeza.

"Mpe yeye baiskeli," nikasema.

"Ataona nimemdharau."

"Mimi mbona sikuona?"

Akafuta mikono kwenye aproni. Mama si mwongo wa kudumu. Uongo wa asubuhi ukifika mchana humchosha. "Nisikilize. Huyu nisipompa kitu cha kushika ataondoka tena, na safari hii harudi. Wewe sina wasiwasi na wewe. Wewe hata nikikunyima, utabaki."

Alilisema kama sifa, na naamini kwake lilikuwa sifa. Lilinikata maini kuliko kilori. Siku zote nilidhani tunajenga kitu pamoja, kumbe alikuwa ameniweka kwenye fungu la vitu vya nyumba, kama meza ile ya unga. Nani huiaga meza?

"Kesho ukae naye mbele," akaendelea, sauti imelainika. "Umwoneshe wateja. Nani anataka mkate uliokatwa, nani ana mbwa. Siku chache tu."

"Nani kakwambia kesho nipo?"

"Usinitishe, binti. Nimekuzaa."

"Hukunizaa na tanuri."

Nilitoka. Nikafungua mikanda ya baiskeli, nikashusha kreti za mama, nikazipanga ukutani vizuri, maana mikate haikunikosea. Chapchap akateremsha kioo.

"Dada, unaenda wapi? Wateja nitawajuaje?"

"Utawajua kwa kulalamika."

Sokoni kuna mwokaji ambaye mama hamtaji. Humwita Yule wa Hamira, kwa madai kwamba mikate yake ni upepo mtupu, na miaka yote nilicheka pamoja na mama. Nilimkuta akifagia mlangoni. Aliijua baiskeli kabla ya kunijua mimi.

"Umetumwa?" akauliza.

"Sijatumwa. Natafuta kazi. Baiskeli ni yangu, leseni ya gari ninayo, na barabara zote nazijua."

"Mmegombana na mama yako?"

"Amepata dereva."

Aliingia ndani, akarudi na kipande cha mkate kwenye karatasi, akanipa kama anayempa mgeni kiti. Nilitafuna taratibu, nikitafuta ule upepo. Haukuwepo. Ulikuwa mkate mzuri, mzito, umeiva hadi katikati, na hapo ndipo machozi yaliponitoka.