Bushi Zisizoingia

Mke wa Kinyozi alipofariki, aliacha gari nyuma ya nyumba, limekalishwa juu ya magogo, limefunguliwa miguu ya mbele yote miwili.

Gari lenyewe lilikuwa la baba yake, dereva wa lori mstaafu, aliyelinunua ujanani na kuzeeka nalo mpaka likagoma kabisa. Binti huyo mtaa mzima ulimwita Spana, kwa sababu tangu hajaota meno ya mbele alikuwa anampokeza baba yake spana chini ya uvungu. Alipokua akawa fundi magari wa kutegemewa. Baada ya kuolewa alilikokota lile gari hadi kwa mumewe, akaapa kulifufua. Injini akaimaliza. Bodi akaipaka rangi ya maziwa. Akafungua springi, shokomzoba na mikono ya chini inayoshika magurudumu, na vyote vikiwa bado chini, figo zikamwangusha. Hakuinuka tena.

Hawakujaaliwa mtoto. Msiba ulipoisha na ndugu kutawanyika, yule mzee, baba yake Spana, alimwambia Kinyozi, "Jumamosi nitakuja tuliangalie lile gari." Akaja, na Jumamosi iliyofuata akaja tena, ikawa mazoea.

Kinyozi hakuwa mtu wa magari. "Mimi kazi yangu ni vichwa, baba," alisema siku ya kwanza, "na hivyo vyenyewe nashughulika na nje tu." Mzee alicheka. Alikuwa hajacheka tangu mazishi.

Wakasugua kutu, wakapaka rangi vyuma, wakafunga kimoja baada ya kingine, mpaka walipofika kwenye bushi, na hapo kazi ikakwama. Bushi ni kipande cha mpira chenye bomba la chuma katikati. Hushindiliwa kwenye tundu la ule mkono wa chini, ili gurudumu likiingia shimoni aliyekaa ndani asirushwe. Za zamani zilikuwa zimelika, mzee akaleta mpya, na hizo mpya zikakataa kuingia. Wakazipaka maji ya sabuni. Wakazibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani. Wakazilaza kwenye friji, na tundu wakalimwagia maji ya moto. Bushi inaingia robo, kisha inajitoa tena kama ulimi wa mtoto mtukutu.

"Chuma cha zamani kina kiburi," mzee alisema kila mara. "Tukiache. Jumamosi ijayo nayo ni siku."

Wakinawa mikono, wakikaa juu ya makreti na vikombe vyao vya chai, mazungumzo yalikuwa ni yeye tu. Spana alivyomfokea mteja aliyetaka breki zifungwe kwa waya. Spana alivyokuja kwenye harusi yake mwenyewe na grisi chini ya kucha.

Lakini Kinyozi alikuwa na neno moyoni. Pembeni ya kibanda chake cha kunyolea alikaa mshonaji, mjane mwenye binti mdogo. Walianza kwa kuazimana mwavuli, wakaendelea kwa kulindiana milango mmoja akitoka, na mwishowe wakakubaliana kuoana. Ilibaki kumwambia mzee. Kila Jumamosi neno lilifika kooni likarudi. Akajiwekea ahadi: bushi zikiingia, namwambia.

Siku moja katikati ya wiki aliufunga ule mkono wa chuma kwenye gunia, akachukua na bushi moja, akaenda dukani. Muuza spea alivitazama akatikisa kichwa.

"Hizi ni za pikapu. Mzee wako nilimwambia."

"Labda hakusikia."

"Alisikia vizuri. Zenyewe za gari lenu nilimwekea hapa mezani. Akauliza, hizi na hizi zinakaribiana kiasi gani? Nikamwambia zinakaribiana kwa macho, ila kuingia haziingii. Akasema, basi nipe hizohizo za pikapu."

Kinyozi alinunua zilizo sahihi, akarudi kibandani. Mteja alikuwa anamsubiri kitini. Alimfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, kisha akaizima akasimama nayo mkononi mpaka mteja akageuka kumwangalia. Hakuwa na hasira. Ni kama mtu amemshika mkono gizani, naye ndiyo kwanza anaelewa ni nani.

Jumamosi alizipanga bushi juu ya meza ya kazi. Mzee alifika, akasalimia, akaziona. Akavua kofia taratibu.

"Umeenda dukani."

"Nimeenda, baba."

"Yule kijana ana mdomo." Akakaa kwenye kreti. Akaigeuzageuza kofia. "Gari hili likishuka, mimi nitakuja hapa kufanya nini? Nyumba ya binti, na binti hayumo. Mtu hakai kwa mkwe wake kila wiki bila sababu. Nikajitafutia sababu."

"Ungekuja tu."

"Ningekuja mara mbili, tatu. Kisha ningeona aibu." Akainuka. "Haya, lete sabuni."

Hata zilizo sahihi hazikuwa na adabu. Walisugua tundu kwa msasa, wakapaka sabuni, wakakaza jiliwa kidogo kidogo, wakilegeza na kuanza upya kila bushi ilipokaa upande. Mpira ulilia, ukalia, halafu ukazama. Kuurudisha mkono kwenye gari nako kulikuwa na kazi yake, maana tundu la mkono na tundu la fremu hayakutaka kuonana. Mzee alisimama akisukuma kwa mtaimbo, na Kinyozi alilala chini ameshika bolti. Kutoka pale aliona viatu vya mzee tu.

"Baba," alisema, "nataka kuoa."

Viatu havikusogea.

"Sukuma bolti," mzee alisema.

"Baba, nilikuwa nasema..."

"Nimekusikia. Sukuma bolti, mikono inachoka."

Bolti ikaingia. Kinyozi akatoka chini, vumbi kichwani.

"Ni yule mshonaji," mzee alisema.

"Ulijua?"

"Wewe ni kinyozi. Unadhani kwenye kile kiti wanasemwa wenzako tu?" Hakutabasamu. Alikuwa anafuta mtaimbo kwa kitambaa ingawa haukuwa na uchafu. "Una haki yako. Bado una umri. Hata marehemu mwenyewe angekwambia hivyo, na kwa maneno makali zaidi." Akaulaza mtaimbo chini. "Ila usimpeleke kwa mama yenu sasa. Mimi nimeelewa. Yeye bado anafua nguo za mwanawe, nguo ambazo hakuna anayezivaa."

Wakamaliza upande wa pili. Wakalishusha gari, wakalikandamiza kona zote likae kwa uzito wake, ndipo mzee akakaza nati za mwisho, maana zikikazwa gari likiwa hewani mpira hukaa umejipinda na kuraruka mapema. Injini iliwaka. Kinyozi alifungua mlango wa abiria.

"Hapana," mzee alisema. "Acha nimpeleke mwenyewe."

Alisema "nimpeleke", si "nilipeleke", hakujisahihisha, akaondoka nalo.

Jumamosi iliyofuata Kinyozi alibandika chai, ikapoa. Harusi ilikuwa ndogo. Mzee alituma blanketi na salamu, hakuja.

Miezi ikapita ndipo Kinyozi akaenda kuwaona wakwe zake. Zamani alikuwa akizunguka nyuma na kuingilia jikoni bila kubisha. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa, akabisha wa mbele. Mama mkwe alimfungulia, akamkaribisha sebuleni, akatandika kitambaa mezani, akatoa vikombe vya kabatini. Miaka yote alimwita mwanangu. Siku ile alimwita bwana.

"Gari linatembea?" Kinyozi aliuliza.

"Linatembea vizuri," mzee alisema. "Halilii hata kidogo."

Wakaongea habari za mvua, na za bei ya sukari. Alipoaga, mama mkwe alimshukuru kwa kuja. Mzee alimsindikiza hadi getini, akaishika mikono yake yote miwili, akakawia kuiachia.

"Msalimie mkeo," alisema.

"Zitafika, baba."

Kinyozi alitembea mpaka alipopinda kona. Hapo akaegemea ukuta wa watu akalia, mtu mzima mchana kweupe, na wapita njia wakampisha.