Sauti Mbichi

Mtaa wote wa Kimemi ulisema Roho anashuka kanisani mwao. Élise alijua anashuka kwa vidole vyake.

Kinanda chake kilikuwa cha zamani, cha vitufe vya kuzungusha. Kimoja kinazaa sauti, na sauti hiyo ikiwa mbichi ni mbaya, kama nyigu ndani ya kopo. Ndiyo maana kuna cha kuichuja ukali, na kingine cha kuipandisha polepole. Ukiongeza kile cha kuitetemesha, basi, wamama wanalia kabla muhubiri hajataja dhambi.

Muhubiri mwenyewe, Phinées, alikuja toka Beni na wakubwa wa waasi, amejipaka marashi juu ya pombe ya jana. Alikuwa anawatafutia vijana. Kinanda kikitetemeka, anapita kwenye mabenchi akiwabinya wavulana mikono kama mbuzi wa sokoni. "Huyu, Mungu amemuita." Kijana anasimama, na akisimama, lori linamngoja nje.

Élise alimwambia mdogo wake nyumbani, "Sadrack, ile ya kanisani ni vitufe tu."

"Yaya, hapana," akamjibu dada yake. "Wewe unapiga, mais mimi naisikia hapa," akajigusa kifua.

Jumapili hiyo wavulana wawili walikuwa wamekwisha kusimama Phinées alipomfikia Sadrack. Vidole vyenye mafuta ya nyama vikambinya mkono. Sadrack akafumba macho, akaanza kutetemeka.

Élise akaondoa mtetemo. Akafungua kichujio chote.

Nyigu akalia kanisa zima. Mama Agar, mdomo wa mtaa, akauliza, "Ile tumbo inalia ni ya nani?" Mabenchi yakaangua kicheko.

"Dada, rudisha ile ingine," Phinées akasema.

"Ile ingine ndiyo hii, Muhubiri. Nilikuwa naipika." Akazungusha kitufe mbele ya wote: ikalainika, ikachacha, ikalainika tena.

Sadrack akafumbua macho. Akautazama mkono wa dada yake juu ya kitufe, akachomoa wake toka kwa Phinées, akaketi.

Phinées akatabasamu. "Bon. Tutaenda bila kinanda." Akawashika mabega wale wawili. Nao, kwa haya ya kuketi mbele za watu, wakatoka naye.

Lori likanguruma. Wale walisimamishwa na sauti laini, ile iliyopikwa. Élise alizima kinanda, akazunguka nyuma ya kanisa, akatapika.