Maboksi Kumi na Mawili

Shule moja ya mjini kusini ilikuwa inafungwa, na Delphine Monias, mkutubi wa shule ya kijiji cha mbali kaskazini, alipewa vitabu vyake bure, maboksi thelathini na mawili, mradi ajichukulie mwenyewe. Kuvisafirisha kwa ndege hadi kijijini kwao kungemeza fungu la maktaba la miaka mitatu. Ilibaki barabara ya majira ya baridi, ile inayopita juu ya barafu, ziwa baada ya ziwa. Nayo ilikuwa inafungwa siku moja tu baada ya safari yake, maana Machi ya mwaka huo ilikuja na joto la ajabu.

Dereva alikuwa shemeji yake, Josias Beardy, mume wa dada yake. Pikapu ilikuwa yake, trela yake, na maneno mengi pia yake.

"Shemeji, wenzio huolewa na wanaume," alimwambia walipoingia ziwa la tatu, la mwisho. "Wewe umeolewa na makaratasi."

"Angalau makaratasi hayakoromi. Tazama mbele."

Mbele maji yalikuwa yametanda juu ya barafu, yanang'aa kama sakafu iliyotoka kupigwa deki. Josias alifungua mlango wake akauacha wazi, tayari kuruka barafu ikivunjika. Delphine akafanya vivyo hivyo bila kuambiwa. Wakajikokota. Ghafla nyuma yao palilia kishindo, pikapu ikarudishwa nyuma kama mtu aliyekamatwa ukosi wa shati.

Gurudumu moja la trela lilikuwa limetoboa tabaka la juu na kuzama kwenye rojo la barafu.

"Naifungua trela," Josias alisema. Utani wote ulikuwa umemtoka. "Tunaondoka."

"Tupakue kwanza."

"Delphine! Pikapu itachukua kumi na mawili, basi. Zaidi ya hapo tunakwenda chini sote. Nikisema tosha, ni tosha."

Delphine alipanda trelani. Maboksi manane ya mbele yalikuwa ya ensaiklopidia, majalada mekundu, zile ambazo mwalimu mkuu wa shule yao, Bwana Halvorsen, alimsisitizia: "Hizo ndizo zitakazofanya chumba kionekane maktaba." Mkono wa Delphine ulikwenda huko kwanza. Kisha akamkumbuka Tansy wa darasa la nne, aliyesoma kitabu kimoja cha mbwamwitu mara kumi na moja kwa kukosa kingine anachokiweza. Akaziruka ensaiklopidia.

"Wanyama!" alipaza sauti akimpa boksi. "Hoki! Hadithi za kutisha!"

"Utanisomea baadaye, shemeji, leta!"

Maji yalimwingia viatuni. Boksi moja halikuwa na maandishi, na muda wa kulifungua haukuwepo. Akalipima kwa mikono: jepesi. Vitabu vyembamba vya wadogo, alijiambia, akalitoa. Barafu ikalia mlio mrefu uliokimbia mpaka ng'ambo.

"Tosha!"

"Bado moja yatimie kumi na mawili!"

"Nimesema tosha!"

Alilinyakua hilo moja, akaruka nalo, akalipakata mapajani pikapu ikichomoka, trela ikibaki nyuma. Magurudumu yaligusa nchi kavu. Josias alizima injini, akaegemeza paji la uso kwenye usukani.

"Mwakani," alisema, "niombe nikubebee maputo."

Jioni hiyo Delphine alifungua lile boksi lisilo na maandishi. Lilikuwa na karatasi za mitihani ya zamani. Akakaa sakafuni mbele yake, asijue acheke au alie.

Asubuhi wanaume waliivuta trela, iliyokuwa imezidi kuzama usiku, kwa kamba na pikipiki za theluji. Vitabu vilivyobaki ndani vilikuwa uji mtupu. Bwana Halvorsen alisimama mlangoni mwa maktaba akiangalia rafu mbili na nusu.

"Ensaiklopidia zimezama?"

Angeweza kuitikia tu, yakaisha.

"Niliziacha," alisema Delphine. "Nilichagua kuziacha."

Mwalimu mkuu aligeuka, akaenda zake. Delphine akarudi kubandika namba za maktaba kwenye migongo ya vitabu. Darasa la pili lilipoingia, hata namba alikuwa hajamaliza kuzibandika. Akawaacha wachukue vivyo hivyo.